Kibanio Namba Sita

Watu wakisikia naruka kutoka kwenye ndege, swali lao ni lilelile: "Wewe, huogopi?" Naogopa, kwa nini nisiogope? Ila mtu niliyemwogopa kuliko futi elfu kumi alikuwa hapo chini, ndani ya chumba cha kukunjia parachuti, miwani puani, utepe wa kupimia umening'inia shingoni, na hanyanyui kichwa ukiingia.

Tulimwita Shangazi. Kwa damu alikuwa shangazi wa rubani peke yake, lakini rubani alimwita hivyo kila mahali, hata kwenye redio ya ndege, mwisho akawa shangazi wa uwanja mzima. Hata daktari wa meno, mrukaji wetu mkongwe mwenye kitambi, alimwamkia, ingawa yeye ndiye aliyemzidi umri.

Mimi aliniita Kiroboto. Hakukosea. Shule niliiacha kidato cha pili, na wala si kwamba sikuwa na akili. Tatizo lilikuwa makalio, hayakukubali kiti. Nimebeba matofali, nimepaka rangi mageti, mwisho nikaangukia kazi niliyoipenda: kuosha vioo vya majengo marefu, unaning'inia kwenye kamba na ndoo kiunoni. Siku moja niko ghorofa ya kumi, nageuza shingo nipumzike, naona mbali kule mwisho wa mji vitu vya rangi vinashuka polepole kama maganda ya karanga yaliyopeperushwa. Nikamuuliza mwenzangu wa kamba, "Vile ni nini?" Akasema, "Ni watu wenye akili kama yako."

Jumamosi iliyofuata nilikuwa pale uwanjani. Mwalimu wa kuruka akaniambia naweza kujifunza kwa kufanya kazi: nifyeke nyasi, nioshe tumbo la ndege, nisafishe vioo vya banda. Kisha akanisukuma kwenye chumba cha Shangazi. "Huyu ndiye atakayekufundisha kutokufa," akasema. "Mimi nitakufundisha yaliyobaki."

Kile chumba nakijua kuliko chumba changu. Katikati meza ndefu, wangeweza kulala watu watatu miguu imenyooka. Pembeni cherehani. Ukutani ubao wa zana, na kila zana imechorewa kivuli chake kwa rangi nyeusi, ukiitoa, kivuli kinabaki kinakutazama. Mkasi na kivuli chake, sindano ndefu na kivuli chake, na chini kabisa vibanio vinane vya chuma. Kibanio ni kama kile cha kuanikia nguo, ila kina meno laini, kinashika mikunjo ya parachuti isikimbie wakati unakunja. Kila kimoja kina namba na utepe mwekundu.

Dirishani kulikuwa na vibunda vitano vya uzi, vipya, havijafunguliwa karatasi. Hivyo nitavieleza.

Masomo ya Shangazi hayakuwa na kengele. Ulikuwa unaweza kuingia na adabu zako zote:

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Parachuti imefunguka lakini upande mmoja umekunjamana, inakuzungusha. Uko futi elfu tatu. Unafanya nini?"

"Shangazi, hata mlango sijafunga..."

"Umeshakufa. Ingia, ufunge mlango."

Basi unajifunza kujibu umeshika kitasa. Parachuti ikifunguka unaiuliza maswali matatu: Uko mraba? Umetulia? Unanitii? Ikijibu ndiyo mara tatu, shukuru. Ikikataa moja, una muda wa kujaribu kuirekebisha, lakini si muda wa kubembeleza. "Futi elfu mbili na mia tano," Shangazi alisema, "mjadala umefungwa. Tazama kishikio, kishike, vuta. Kwanza unaitupa ile mbovu, ndipo unaita ya akiba. Ukiziita zote mbili zitagombana huko juu kama wake wenza, na wewe ndiye utakayeachwa."

Alinifundisha kusoma altimita, ile saa ya mkononi inayoonyesha uko juu kiasi gani. Nikimwambia, "Nilihisi kama bado niko juu," ananikata: "Kuhisi ni kwa tumbo. Soma saa." Alinifundisha kukagua vifaa mara tatu: kabla ya kuvaa, kabla ya kupanda ndege, kabla ya mlango kufunguliwa. Alinifundisha kutopita mbele ya pangaboi la ndege hata kama limesimama. Na jambo alilolirudia mpaka nikaliota: "Kiroboto, wengi hawaumii kwa parachuti iliyokataa. Wanaumia na parachuti nzima, nzuri, juu ya kichwa, kwa sababu wamekata kona karibu na ardhi wapendeze mbele ya watu. Ukiwa chini, nyooka. Upepo usoni, miguu pamoja, magoti laini. Unajikwaa, unachekwa, unakwenda kula."

Sasa vile vibunda vya uzi. Parachuti kuu kila mtu hujikunjia. Ya akiba hukunja mtu mwenye cheti tu, na akimaliza hufunga uzi mwekundu na kidonge cha madini ya risasi, anakibana kwa muhuri wenye alama yake. Ule muhuri ni neno lake: mimi fulani nimekunja, nami najibu. Shangazi alikuwa amekunja za akiba miaka kumi na tisa. Katika miaka hiyo watu watano walivuta kile kishikio kweli, ya kwao kuu ikiwa imekataa. Kila aliyeokoka alimuuliza amletee nini, naye alitaka kitu kimoja: kibunda cha uzi. Hakushona navyo. Alivipanga dirishani.

"Watano," aliniambia mara moja, anafuta miwani. "Na wote watano walikuja kuniletea kwa miguu yao wenyewe."

Hakuzaliwa na kazi hiyo. Alikuwa mshonaji wa sare za shule. Akashona sare mpaka macho yakaona rangi ya bluu hata akifumba. Baadaye akashona mahema. Siku moja mpwa wake rubani akamletea parachuti iliyochanika, akamwomba aizibe. Akaiziba, lakini kabla ya kuirudisha akauliza: "Na huyu atakayening'inia hapa, ana mama?" Rubani akacheka. Yeye hakucheka. Alikataa kuirudisha mpaka mtu anayejua aje aikague. Aliyekuja kuikagua alitazama mshono, akatazama mikono yake, akamwambia akasomee. Akaenda darasani ana miaka arobaini na sita, kaketi na vijana waliomwita bibi. Mtihani wa kwanza alianguka. Wa pili alipita.

Mimi sikuyajua haya mapema. Niliyajua kwa sababu ya kosa langu, na hilo ndilo nataka kulisimulia.

Kwenye klabu yetu, ili upate leseni unatakiwa uwe na miruko ishirini na mitano, ujue kukunja parachuti yako kuu bila kusaidiwa, ujibu mtihani, na ule mruko wa mwisho utazamwe na mkaguzi anayetoka nje. Mkaguzi huja mara chache kwa mwaka. Nilikuwa na miruko ishirini na minne. Mkaguzi anakuja Jumamosi, anaondoka saa nane mchana. Nimekula ng'ombe mzima, umebaki mkia.

Kilichonisumbua ni kukunja. Kitambaa cha parachuti kinateleza kama sabuni. Unakiweka sawa huku, kinatoroka kule. Ijumaa jioni nilipita chumba cha Shangazi kuaga. Alikuwa amemaliza begi la tano la parachuti ya akiba wiki hiyo, la mwisho. Simu yake ikalia, mjukuu ana homa, akatoka nje akiongea. Vibanio vilikuwa bado mezani. Nikawaza: nikipata kimoja tu usiku huu nifanye mazoezi nyumbani, kesho nakirudisha asubuhi kabla hajafika, nani atajua? Nikachukua namba sita. Nikakitia mfuko wa jaketi.

Hilo ni kosa la mwanafunzi anayejiona anajua. Anayejua kweli angeomba.

Nyumbani tunaishi vyumba viwili na mama. Mama kazi yake ni kwenye chumba cha kufulia hospitalini, anafua na kukunja mashuka ya wagonjwa. Nikachukua shuka la wageni na begi langu la shule, lile ambalo halikuona kidato cha tatu, nikaanza kukunja na kusokomeza. Mama amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hilo shuka langu limekukosea nini?"

"Ni mazoezi, Mama. Kesho ndiyo leseni."

"Mimi nakunja mashuka mia mbili kwa siku," akasema, "na hakuna aliyewahi kunipa leseni."

Tulicheka. Nikakunja mara nne, mara tano, mpaka ikakaa vizuri. Ile ya mwisho nilifunga begi, nikaliweka chini ya kitanda, nikalala kama mfalme.

Asubuhi saa moja niko uwanjani. Hakuna upepo, anga jeupe safi. Nikatia mkono mfukoni nichukue kibanio nikirudishe.

Mfuko mtupu.

Nikatia mkono mfuko wa pili. Wa suruali. Wa nyuma. Nikapapasa kama mtu mwenye siafu. Huku napapasa, nasikia sauti ya Shangazi ndani ya chumba, na haikuwa ya kawaida yake.

"Hakuna anayegusa begi. Mwalimu, njoo."

Tukakusanyika mlangoni: Mwalimu, rubani, daktari wa meno, mkaguzi na daftari lake kwapani, na mimi nyuma yao. Shangazi amesimama mbele ya ubao. Vibanio saba, na kivuli kimoja kitupu.

"Wiki hii nilikunja mabegi matano," akasema. "Baada ya kila begi huhesabu vibanio ndipo napiga muhuri. Nimefanya hivyo miaka yote. La tano, jana jioni, simu ililia. Niliporudi nilivikusanya, nikavining'iniza, nikapiga muhuri, nikaondoka. Sikumbuki kuhesabu."

Kila mmoja alielewa. Kibanio kikibaki ndani ya mikunjo, siku utakapoihitaji ile ya akiba, upande mmoja utakuwa umebanwa meno. Na baada ya ya akiba hakuna nyingine.

"Basi lifunguliwe hilo la tano tu," akasema mkaguzi.

"Mtu aliyesahau moja hawezi kuapia manne," Shangazi akajibu. "Yote matano."

Daktari wa meno akaguna. "Shangazi, kitu kidogo vile, si kitaanguka chenyewe ikifunguka?"

"Wewe ukisahau pamba kwenye jino la mtu, huanguka yenyewe?"

Hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa rubani. Mwalimu akasema tu, "Shangazi akisema chini, ni chini." Hiyo ndiyo sheria ya kwanza tuliyofundishwa: yeyote, hata mwanafunzi wa jana, akiona kitu hakiko sawa anaweza kusimamisha mruko, na haombwi radhi wala haombi.

Begi moja la akiba kulikunja upya ni saa tatu hivi. Mabegi matano ni siku mbili. Mruko wangu ulikuwa umekwisha kabla haujaanza.

Alianza na begi langu, kwa sababu ndilo lililokuwa liende la kwanza. Akakata uzi mwekundu, akavuta, kitambaa cheupe kikamwagika mezani. Akaanza kukipapasa kunjo kwa kunjo. Vidole vyake vilikuwa vimevimba viungo, wakati wa baridi vilimuuma, akawa anavipuliza kati ya mkunjo na mkunjo. Na mimi nimesimama pale, natazama.

Nitasema kweli, nilikuwa na hesabu zangu. Kibanio kitakuwa kimeanguka njiani, nikawaza. Nikikaa kimya, atafungua, hatakiona, atasema kilipotea, yataisha. Nikisema, naitwa mwizi, nafukuzwa, leseni naiaga mazima.

Begi langu halikuwa na kitu. Akavuta la pili. Ndipo mkaguzi akafungua daftari lake.

"Mama, unaelewa itabidi niandike hili," akasema, kwa upole kweli. "Mkunjaji alipiga muhuri bila kuhesabu. Wakubwa wanaweza kusimamisha muhuri wako."

Shangazi hakuacha kupapasa. "Andika. Ni kweli."

Nikatazama dirishani. Vile vibunda vitano. Miaka kumi na tisa. Nikamtazama yeye, mgongo umeinama juu ya kitambaa, anatafuta kitu ambacho mimi najua hakimo. Alikuwa katikati ya begi la pili.

"Shangazi," nikasema. "Ni mimi. Namba sita nilichukua mimi."

Wote wakageuka. Daktari wa meno akasema, "Eh!" Mwalimu akafumba macho.

Shangazi aliweka mikono juu ya meza. "Kiko wapi?"

"Sijui. Nilikwenda nacho nyumbani kufanya mazoezi. Nilidhani nimekitia mfukoni. Hakimo."

"Ulidhani."

"Ndiyo, Shangazi."

Nilisubiri anitukane. Ningependa anitukane. Akasema, "Rubani, mpe pikipiki yako. Kiroboto, kalete kibanio. Usiniletee maneno, lete kibanio. Mpaka nikione kwa macho yangu, naendelea kufungua." Nikiwa nimeshafika mlangoni akaongeza, "Na uendeshe taratibu. Leo sitaki kushona mtu."

Mama alikuwa hajaenda kazini. Nikaingia mbio, nikachungulia chini ya kitanda, kwenye viatu, nyuma ya pipa la maji. Hakuna. Akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia yote, kwa pumzi moja. Yeye akavuta lile begi la shule chini ya kitanda, akalifungua, akalitoa shuka.

"Mama, humo nilishakunja, hakimo..."

Akakunjua mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu, utepe mwekundu ukachungulia. Kibanio namba sita kimeng'ata shuka katikati ya mikunjo, kimekaa raha mustarehe.

Nilikuwa nimekunja, nikafunga, nikaridhika, nikalala. Kosa lilelile Shangazi aliloliogopa kwa miaka kumi na tisa, mimi nilikuwa nimelifanya usiku wa kwanza.

Mama alikaa kitandani, shuka mapajani. Akakifungua taratibu, kitambaa kikaachia, pakabaki alama ya meno. Hakunitazama. "Na ingekuwa ndiyo ile yenyewe?" akauliza.

Akanikabidhi kibanio, akanifumba vidole juu yake kama vile alivyokuwa akinipa nauli ya shule. "Mwambie huyo mama namsalimu. Mwambie nimesema asante."

Niliporudi, Shangazi alikuwa anamaliza begi la tatu. Nikamwonyesha kibanio kwenye kiganja. Akakitazama, akasoma namba, akanusa utepe, sijui kwa nini.

"Kilikuwa wapi?"

"Ndani ya shuka. Nililikunja nacho."

Hapo ndipo nilipomwona anakaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza siku ile. Akavua miwani. Akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. Hakuuliza kwa nini nilichukua.

"Ulinyamaza kiasi gani?"

"Sijaelewa, Shangazi."

"Tangu niliposema kimepotea mpaka uliposema ni wewe. Kiasi gani?"

Nikafikiri. "Begi moja na nusu."

"Begi moja na nusu," akarudia. "Ndani ya ndege, Kiroboto, hakuna begi moja na nusu. Mlango ukifunguka na wewe umeona mkanda wa mwenzako umelegea, una pumzi moja. Kukosea tutakosea. Mimi nimekosea jana na nina cheti. Lakini ukikosea, sema. Mapema. Kwa sauti."

Kisha akakitundika kibanio kwenye kivuli chake, akahesabu kwa kidole mpaka nane, akawaambia wenye yale mabegi mawili ambayo muhuri wake haujakatwa kwamba wanaweza kwenda kuruka. Mkaguzi akauliza, sasa mambo yamejulikana, aandike au asiandike?

"Andika vilevile," Shangazi akasema. "Yeye alichukua, mimi sikuhesabu. Ningehesabu, ningemkamata jana jioni, na leo kila mtu angeruka."

Mkaguzi akaandika mstari mmoja, akampa asome, akasaini. Hawakumsimamisha. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba chini ya ule mstari mkaguzi aliongeza mwingine: kosa limetajwa na mkunjaji mwenyewe kabla ya ndege kuruka.

Saa nane mkaguzi akaondoka. Mimi nilikuwa chumbani na Shangazi, tunakunja upya. Yaani yeye anakunja, mimi nashika pale anaponiambia nishike, na baada ya kila hatua nahesabu vibanio kwa sauti. Nikinong'ona, ananiambia, "Sijasikia." Tulikaa siku mbili, na ndipo aliponisimulia habari za sare za bluu, mahema, na mtihani alioanguka. Makalio yangu yalikubali kiti. Nilishangaa mwenyewe. Jumapili jioni mikono yangu ilikuwa imeshajua kile kitambaa, wapi kinapotaka kutoroka na wapi kinapotulia, na hakuna kibanio nilichohitaji tena kwa parachuti yangu kuu.

"Kumbe ungeniuliza tu," akasema, anapiga muhuri wa mwisho.

"Niliona haya, Shangazi."

"Haya ni nguo nzuri," akasema. "Ila haifunguki hewani."

Mkaguzi alirudi baada ya wiki kumi na moja. Nilikunja mwenyewe mbele yake. Nilikagua kabla ya kuvaa, kabla ya kupanda, kabla ya mlango. Nikiwa ndani ya ndege nikaona kamba ya kifuani ya daktari wa meno imepitishwa vibaya kwenye kifungo chake cha chuma. Kabla ya kosa langu ningewaza: mtu mzima yule, daktari, atakuwa anajua. Nikasema kwa sauti ya juu kuliko injini, "Daktari! Kifua!" Akatazama, akairekebisha, akanipigia saluti. Ndipo nikaruka. Nikasoma saa, sikusikiliza tumbo. Nikavuta pale nilipotakiwa. Mraba, imetulia, inanitii. Huko chini nikanyooka, upepo usoni, nikatua, nikajikwaa, nikapiga goti mbele ya watu wote, wakacheka. Nikaenda kula.

Lakini kabla ya kula nilipita kwa Shangazi. Yeye huwa hatazami watu wakiruka. Husema kazi yake imeisha kwenye muhuri. Nilimkuta kwenye cherehani, na nilikuwa na kibunda cha uzi mfukoni, nilikinunua wiki ile ya kosa, nikakibeba wiki zote kumi na moja.

"Shikamoo, Shangazi. Nimepita."

"Marahaba. Nimesikia wakicheka, nikajua umefika." Akaona kibunda mkononi mwangu. Akatazama dirishani, akanitazama mimi. "Vile ni vya waliovuta akiba. Wewe hukuvuta."

"Sikuvuta. Mama amesema nikuletee, na mimi nimesema hivyohivyo. Weka popote."

Alikichukua. Akakizungusha mkononi, akasoma namba ya unene, akachana karatasi kwa meno. Nilidhani atakiweka pembeni ya vile vitano. Badala yake akakichomeka juu ya cherehani, akapitisha uzi kwenye tundu la sindano, akavuta kiti cha pili kwa mguu.

"Cha kwako kitafanya kazi," akasema. "Kaa. Kuna mkanda wa mwanafunzi mpya umechakaa, atakuja kesho. Shika hapa. Na vibanio vingapi viko ubaoni?"

Nikageuka, nikahesabu kwa sauti.